Hutupa

Ukurasa wa arobaini na mbili, ng'ombe anacheka.
Ana kengele shingoni, na nyuma yake mlima wa kijani
ambao Sinaw haijauona tangu Mungu alipoumba mchanga.
Chini yake, kwa herufi nene: Ng'ombe hutupa maziwa.
Kitabu ni cha Kiarabu, na kwa Kiarabu sentensi imetulia.
Ni mimi, niliyelelewa kwa Kiswahili cha mama jikoni,
ninayeisikia ikigeuka mdomoni:
hutupa, yaani sisi?
au hutupa, kama mtu atupavyo ganda?

Sikuwaambia watoto. Nilisema, Rudieni.
Wakarudia, thelathini na mmoja, kiyoyozi kikiitikia.

Jumanne watu wa televisheni walikuja
kwenye zizi la shangazi Thuwaiba, nyuma ya kituo cha petroli.
Walikuja na mwavuli mweupe wa kuchuja jua
na dada mmoja wa kuwapaka watu poda.
Walitaka mbuzi. Hawakutaka inzi.
Walitaka maisha ya asili, kwa hiyo yakaondolewa
tangi la bluu la maji, magunia ya chakula cha kiwandani,
pikapu, redio iliyofungwa kwa waya,
kisha, kwa adabu sana, akaondolewa Mofizul.

Miaka kumi na mmoja Mofizul amelala hatua sita kutoka kwa mbuzi hao.
Anajua kuwa Shahba hukohoa siku mbili kabla ya kuzaa.
Anajua beberu yupi ni wa Idi na yupi bado,
na siku ya kuuza hali chakula cha mchana;
ukimuuliza, husema tumbo.
"Pembeni kidogo," mwongozaji alimwashiria kwa mkono.
Akasogea. Kidogo tena. Akasogea,
mpaka ukuta ukammaliza.

Mwanambuzi akapakatwa na Muhanna, mpwa wangu,
kanzu imepigwa pasi, kofia mpya ingali na kibandiko cha bei ndani.
Mama mbuzi akalia.
Kilio walikikata, wakaweka zumari.

Kipindi kilirushwa baada ya magharibi. Dakika nne.
Tulikaa sebuleni sote, sinia la wali na nyama katikati,
nyama ya nani, hakuna aliyetaja.
Shangazi alilitazama zizi lake
kama mtu anayetazama nyumba ya jirani kupitia dirisha.
"Pazuri," akasema. "Ni wapi?"
Tukacheka. Yeye hakucheka.

Mtangazaji akasema mifugo ni urithi wetu,
inatulisha, nasi tunaitunza.
Muhanna akainuka, vidole vina mafuta,
akabandika kimoja kwenye kioo, kona ya chini kushoto:
palikuwa na kivuli cha mkono,
na mkono ulikuwa umeshika ndoo.
Walisahau kukifuta.

Leo ni Alhamisi, siku ya mnada, nami nasahihisha.
Swali la tatu: Maziwa tunayapata wapi?
Mwongozo wa majibu una neno moja.
Muhanna ameandika mistari miwili, imeinama kama imebeba kitu:
Kwa Mofizul, akiamka saa kumi alfajiri,
kama mama mbuzi akikubali. Asipokubali, dukani.

Kalamu nyekundu nimeiweka, nimeichukua.
Alama yenyewe ni moja, hakuna mkaguzi atakayeitafuta.
Nje inapita pikapu kuelekea sokoni,
mbuzi wamesimama vichwa upande mmoja,
kama darasa langu wakati wa kurudia.
Na mimi nataka kumuuliza nani? Wao? Kitabu?
Mlitoa, au mlichukuliwa?

Nimemsahihishia herufi moja tu,
ya neno akikubali,
kisha nikampa alama yake
na kulifunga daftari haraka,
kama mtu aliyeokota kitu njiani
na anasikia nyayo za mwenyewe zikirudi.